Kiti cha mtoto kwenye gari: anza na mzani kabla ya kwenda dukani

Mwaka wa nane sasa nauza vifaa vya watoto hapa Dar es Salaam na kuwafungia wateja viti kwenye magari yao. Mtu akiniambia anataka kiti cha mtoto wa mwaka mmoja, namuuliza: ana kilo ngapi, na urefu gani? Watoto wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kuhitaji viti tofauti.

Wapo wanaoona kiti ni anasa, kwa kuwa mama yupo na atampakata. Gari lililo kwenye kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, mtoto wa kilo 10 huchomoka kwa nguvu inayokaribia ya mzigo wa kilo 300. Hakuna mikono inayozuia mzigo huo. Kumfunga mkanda mmoja na mama ni hatari vilevile, maana mwili wa mama ndio utakaomkandamiza.

Hatua ya 1: Pima mtoto

Chukua kadi ya kliniki, uzito umeandikwa humo. Viti vingi vilivyopo sokoni vimepangwa kwa kilo. Hadi kilo 13, kiti kinachoangalia nyuma. Kilo 9 hadi 18, kiti chenye mikanda yake chenyewe. Kilo 15 hadi 36, kiti cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae sawasawa. Viti vya kanuni mpya, vyenye maandishi R129, vimepangwa kwa sentimita, na vinataka mtoto aangalie nyuma angalau hadi afikishe miezi 15.

Hapa ndipo ninapobishana na wazazi karibu kila wiki. Mtoto akianza kutambaa wanataka kumgeuza aangalie mbele, "aone njia". Tafadhali usiharakishe. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa shingo yake. Gari likigonga mbele huku yeye anaangalia nyuma, kiti kinapokea kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Akiwa anaangalia mbele, mikanda inashika mwili na kichwa kinarushwa peke yake. Mama ataniambia miguu imekunjika. Miguu ikunjike tu, haidhuru. Angalia kichwa: kikikaribia ukingo wa juu wa kiti, au uzito ukipita ulioandikwa kwenye lebo, ndipo kiti kimekuwa kidogo.

Hatua ya 2: Kagua kiti, hasa cha mtumba

Tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, alama kwamba kiti kimepimwa na kuidhinishwa. Kisha pindua kiti utafute tarehe ya kutengenezwa kwenye plastiki. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 6 hadi 10, kwa sababu plastiki inachoka, na kiti kinachoshinda juani ndani ya gari kinachoka zaidi.

Muulize muuzaji kiti kimetoka wapi. Asipojua kama kimewahi kuwa kwenye ajali, kiache. Niliwahi kuvua kitambaa cha kiti kilichoonekana kipya kabisa, nikakuta nyuma ya bega ufa wa urefu wa kidole. Kwa nje usingeuona. Tangu siku hiyo sipokei mtumba nisioujua historia yake, hata uwe wa bei ya kutupa.

Hatua ya 3: Njoo na gari lako

Penyeza vidole kati ya mgongo na kikalio cha kiti cha nyuma. Ukigusa vyuma viwili vilivyopinda, vikiwa mbali kwa sentimita 28 hivi, gari lako lina Isofix, na kiti chenye ndoano zake kitanasa hapo. Magari mengi ya zamani kutoka Japani hayana, nayo yanatumia mkanda wa kawaida. Angalia pia sehemu ya katikati: kama mkanda wake ni wa kiunoni tu, kiti cha kumwinua mtoto hakikai hapo kamwe.

Kwenye gari dogo kama IST, jaribu kabla ya kulipa. Kiti kinachoangalia nyuma kinaweza kumsogeza abiria wa mbele hadi magoti yaguse dashibodi.

Hatua ya 4: Funga kiti

Kiti kinachoangalia nyuma kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi. Ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha mtoto kiko hapohapo. Weka nyuma.

Fuata rangi: njia ya mkanda yenye alama ya bluu ni ya kuangalia nyuma, nyekundu ni ya kuangalia mbele. Pitisha mkanda, egemeza uzito wako juu ya kiti, vuta mkanda mpaka usiwe na ulegevu. Sasa shika pale mkanda unapopita na utikise. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Wengi hutikisa juu kabisa, kinacheza, wanakata tamaa bure.

Cha mtoto mchanga kilale kiasi kinachoelekezwa kwenye kitabu chake. Kikisimama sana, kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa. Kwa safari ndefu, mfano Dar hadi Dodoma, simameni umtoe ajinyooshe.

Hatua ya 5: Funga mtoto

Usimweke akiwa amezungushiwa khanga au amevaa sweta nene. Kitambaa kinakandamizika wakati wa kugongwa na mikanda inabaki imelegea. Mfunge kwanza, kisha mfunike khanga juu ya mikanda.

Akiangalia nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Akiangalia mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Kaza, halafu jaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili. Ukiweza kuukunja, bado haujakaza. Kabla ya kumweka, gusa kifungo cha chuma, maana gari lililoegeshwa juani linaweza kumuunguza paja.

Kwa aliye kwenye kiti cha kumwinua, mkanda wa juu upite katikati ya bega na wa chini ulale mapajani, usipande tumboni. Atoke kwenye kiti hicho pale tu mkanda unapomkaa hivyo bila kiti, mgongo umegusa nyuma na magoti yamekunja ukingoni. Watoto wengi hufika hapo wakiwa na urefu wa kati ya sentimita 135 na 150, kwa hiyo mwanafunzi wa darasa la tatu bado anaweza kukihitaji.