Namna ya kupima athari ya kasi ya gesi na mnato katika uhamishaji wa joto kwenye safu ya viputo

Safu ya viputo ni mtungi mrefu uliosimama, uliojaa kimiminika, ambao gesi hupulizwa ndani yake kutoka chini kupitia bamba lenye matundu madogo. Viputo vinapopanda hukoroga kimiminika bila pangaboi, na mkorogo huo ndio unaoondoa joto kwenye kuta na mabomba ya kupoozea.

Kwa safu ya maji na hewa yenye kipenyo cha sm 15, chonga kipande cha shaba nyekundu chenye kipenyo cha sm 2.5 na urefu wa sm 10, ukitie hita ya wati 300 ndani yake, uzibe ncha zote mbili kwa plastiki isiyopitisha joto, kisha upachike themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti) moja kwenye uso wake na mbili kwenye maji yanayokizunguka. Gawanya wati kwa eneo la uso, yaani mita za mraba 0.00785, kisha ugawanye tena kwa tofauti ya halijoto kati ya uso na maji. Jibu ndilo kizigeu cha uhamishaji wa joto. Soma themokapo zote kwa wakati mmoja, kwa kuwa hita hiyohiyo inaendelea kuyapasha maji moto.

Kasi ya gesi hupatikana kwa kugawanya mtiririko wa hewa kwa eneo la mkato wa safu, hivyo mita 0.1 kwa sekunde hapa ni takriban lita 106 kwa dakika. Kwa kasi hiyo, kanuni aliyoitoa mhandisi wa kemia Deckwer mwaka 1980 inakadiria kizigeu cha wati 5,200 hivi kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja, nao uso wa shaba utayazidi maji kwa nyuzi 7.4. Punguza kasi kwa nusu, tofauti itapanda hadi nyuzi 8.8 tu. Themokapo inayokosea kwa nyuzi 1 itameza sehemu kubwa ya badiliko unalolitafuta. Kwa hiyo, kabla ya lolote, zitumbukize zote katika ndoo moja ya maji yaliyokorogwa na uandike zinavyotofautiana. Wengi huiruka kazi hii, kisha huilaumu kanuni.

Ukiongeza kasi maradufu, kizigeu hupanda kwa asilimia 19 pekee, nayo kompresa hula umeme zaidi.

Mnato, yaani uzito wa kimiminika katika kutiririka, kwa kanuni hiyohiyo, lazima uongezeke mara 16 ndipo kizigeu kipungue kwa nusu. Ukiongeza gliserini, pima mnato katika halijoto halisi ya safu, kwa sababu mchanganyiko ukipata joto huwa mwepesi, na usisahau kwamba gliserini hubadili pia uwezo wa kimiminika wa kubeba na kupitisha joto. Mwisho, sogeza kipande kutoka katikati hadi ukutani bila kugusa vali ya hewa: kwa kawaida kizigeu hushuka, kwani viputo vikubwa hupenda kupanda katikati.