Kupanga pakeji, picha na fonti kwenye mradi wa Flutter: mfano wa programu ya mizani ya korosho

Karani wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) anayepima korosho kwenye ghala la chama kule Tandahimba au Ruangwa hawezi kusubiri picha ipakuliwe huku foleni ya wakulima ikirefuka. Picha za madaraja ya ubora wa korosho, fonti na orodha ya vyama vya msingi lazima ziwe ndani ya programu yenyewe, iwe ni Android au iPhone. Kwenye Flutter, zana ya Google ya kuunda programu za simu, yote haya pamoja na pakeji (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) hupangwa katika faili la `pubspec.yaml`, kwenye folda kuu ya mradi.

```
dependencies:
  flutter:
    sdk: flutter
  flutter_localizations:
    sdk: flutter
  intl: any
  sqflite: ^2.3.0

flutter:
  uses-material-design: true
  assets:
    - assets/picha/
    - assets/picha/madaraja/
    - assets/data/vyama.json
  fonts:
    - family: NotoSans
      fonts:
        - asset: assets/fonti/NotoSans-Regular.ttf
        - asset: assets/fonti/NotoSans-Bold.ttf
          weight: 700
```

Kila ngazi huingia ndani kwa nafasi mbili, na Tab hairuhusiwi kabisa. Kosa linalowasumbua wengi ni kuiacha `assets:` ikiwa imegusa ukingo wa kushoto. Hapo inakuwa nje ya `flutter:`, na picha hazitafungwa ndani ya programu hata kama faili linaonekana safi.

Alama ya `^2.3.0` kwenye `sqflite`, pakeji ya kuhifadhi data ndani ya simu, inaruhusu toleo lolote kuanzia 2.3.0, mradi lisifike 3.0.0. Kwa pakeji ambayo namba ya toleo lake inaanza na sifuri mpaka ni mwembamba zaidi: `^0.13.0` inaishia kabla ya 0.14.0. `intl`, pakeji ya kuandika tarehe na namba kwa lugha mbalimbali, tumeiachia `any` (toleo lolote) kwa makusudi, kwa sababu `flutter_localizations` hudai toleo moja mahususi la `intl`. Ukiandika namba yako, mara nyingi utakutana na "version solving failed". Usiruke `flutter_localizations`, maana ndiyo inayoleta kalenda na vitufe vya Kiswahili, na karani anastahili kusoma lugha yake.

Endesha `flutter pub get` ili pakeji zipakuliwe, kisha hifadhi `pubspec.lock`, faili linalorekodi matoleo yaliyochaguliwa, pamoja na msimbo wako ili mwenzako aliyeko Lindi mjini apate matoleo yaleyale uliyonayo wewe Mtwara.

Kama utasafiri kwenda kijijini, usiishie hapo. Jenga programu mara moja kwa `flutter build apk` ukiwa bado na intaneti nzuri, kwa kuwa Gradle, zana inayojenga programu za Android, nayo hupakua vitu vyake mara ya kwanza, na ni vizito kuliko pakeji zenyewe. Baada ya hapo, kwa upande wa pakeji, `flutter pub get --offline` itatosha bila intaneti. Umeme ukikatika Gradle ikiwa katikati ya kupakuliwa, faili la zip hubaki nusu na kila jaribio jipya hugomea palepale kwa ujumbe wa "zip END header not found". Fungua `.gradle/wrapper/dists` kwenye folda yako ya nyumbani, futa folda ya toleo hilo, uanze tena.

Kuhusu picha, kuandika `assets/picha/` huchukua mafaili yaliyomo humo tu, si folda ndogo zilizo ndani yake. Ndiyo maana `madaraja/` ina mstari wake. Folda za `2.0x` na `3.0x` hazihitaji kutajwa: weka `daraja1.png` ya pikseli 100, kisha ya 200 ndani ya `2.0x` na ya 300 ndani ya `3.0x`, kwa jina lilelile. Flutter itachagua kulingana na kioo cha simu.

Ukiona "Unable to load asset", linganisha jina herufi kwa herufi. `Daraja1.png` si `daraja1.png`, hata kama Windows haikulalamika. Ukishabadilisha `pubspec.yaml`, zima programu na uanze upya kwa `flutter run`.

Picha ya korosho iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inaweza kufika MB kadhaa. Ipunguze na uigeuze iwe WebP, muundo wa picha wenye faili dogo, kabla ya kuiweka. Kisha jenga kwa `flutter build apk --split-per-abi`, inayotoa faili tofauti kwa kila aina ya kichakataji cha simu: simu nyingi za sasa zipe faili la `arm64-v8a`, na zile za zamani `armeabi-v7a`. Toleo la iPhone litajengwa kwenye Mac pekee.