Glosi, nusu glosi au mati? Kuchagua rangi ya chumba cha injini, kwa mfano wa Peugeot 504

Mwezi uliopita nilimkabidhi mzee mmoja wa hapa Mombasa 504 yake ya mwaka 1974, saluni ya rangi ya maziwa. Siku aliyoileta alifungua boneti, akaniambia, "Mwanangu, humu ndani nipigie nyeusi mati, kama magari ya mbio za Safari Rally." Nikamjibu, "Mzee, nipe wiki mbili, nikuonyeshe kitu kwanza." Haya ninayoandika ndiyo niliyomwonyesha. Kwa asiyeyajua maneno haya: glosi inang'aa kama kioo, mati haing'ai, nusu glosi iko katikati. Nimeyapanga kwa hatua ili hata asiyekuwa fundi wa rangi ajue la kumwagiza fundi wake.

Hatua ya 1: Jua gari lilitoka kiwandani na nini

504 tangu ilipotoka mwaka 1968 ina rangi ya bodi ndani ya boneti. Vivyo hivyo Beetle, Mini na Mercedes W123. Ford Mustang za miaka ya 1960 ni habari nyingine: ndani zilikuwa nyeusi, nusu glosi, hata bodi iwe nyekundu. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya magari yote ya zamani. Tafuta mahali ambapo brashi ya mtu haikufika: nyuma ya hita, chini ya mabano ya betri, chini ya mpira wa ukingo wa boneti. Futa pale kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, utaona rangi ya asili na mng'ao wake.

Utakachokiona mara nyingi ni kwamba rangi ya ndani inang'aa chini ya ile ya milango. Kiwandani huku ndani kulipigwa rangi nyembamba na hakuna aliyekuja kupiga polishi. Kama unalipeleka gari kwenye mashindano ya magari ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi, ambako majaji hufungua boneti na kuchungulia, jambo hili lishike. Chumba cha injini kinachowaka kama kioo kinapendeza, lakini gari halikuzaliwa hivyo.

Hatua ya 2: Amua unapambana na nini

Watu huanza kwa kuuliza ipi inapendeza. Mimi huuliza kwanza nini kitamwagikia hapo. Kuna oili ya injini, kuna petroli ya kabureta, kuna maji ya betri ambayo ni asidi ya salfa, na kuna adui mkubwa kuliko wote: oili ya breki. Aina zake za kawaida, DOT 3 na DOT 4, huivua rangi. Chini ya sailinda kuu ya breki, karibu kila gari la zamani ninalolifungua lina mchirizi uliobanduka mpaka chuma.

Joto halitishi kama watu wanavyodhani. Kuta za chumba cha injini haziwi jiko, na rangi nzuri ya gari ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuikomaza) inalihimili joto lake bila shida. Kinachochemka kweli ni manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, na hiyo ina rangi yake.

Hapa nawasihi vijana wa gereji: msipake chumba kizima kwa kopo la spre la "rangi ya joto kali". Niliwahi kuletewa gari lililofanywa hivyo. Rangi za namna hiyo nyingi zina silikoni, na hazikomai mpaka zipashwe kwa joto kali la kiasi cha digrii 200. Manifoldi inafika huko, ukuta wa chumba haufiki hata siku moja. Kwa hiyo rangi inabaki laini miezi na miezi, ukiigusa kwa kitambaa chenye petroli inatoka na kitambaa. Ilitubidi tuikwangue yote.

Hatua ya 3: Chagua aina ya rangi kabla ya mng'ao

Duko, yaani rangi inayokauka kwa thina kuyeyuka tu bila hadina, au rangi ya hadina. Kwangu hakuna mjadala: rangi ya hadina, ya hatua moja, bila klia (koti la mwisho lisilo na rangi) juu. Duko inakauka upesi na fundi yeyote anaijua, lakini petroli inailainisha, na oili ya breki inaifanya ivimbe kama ngozi iliyoungua. Klia siipendi humu ndani, kwa sababu spana itaanguka tu, na klia ikipasuka ukingoni maji huingia chini yake. Rangi ya hatua moja ikichubuka unaitia brashi ndogo na maisha yanaendelea.

Jambo la afya silifichi. Hadina ina kemikali iitwayo isosayaneti, na ikishakuingia kifuani inaweza kukupa pumu ya maisha. Kitambaa puani si kinga. Barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba ndiyo inayofaa. Kama huna, mpe kazi hiyo mwenye nayo.

Hatua ya 4: Osha, kwangua, piga praima (rangi ya msingi)

Hii unaijua. Neno moja tu: usioshe kwa dizeli halafu ukaanza msasa. Dizeli inaacha utando, na msasa unausukuma ndani ya mikwaruzo, kesho rangi inatoboka vijishimo kama macho ya samaki. Sabuni na maji ya moto, kisha dawa ya kuondoa grisi, ndipo msasa. Mahali pa betri paoshwe kwa maji yenye bikaboneti ya soda hadi mapovu yaishe. Na kwa sisi wa pwani, chuma kilichobaki wazi kisilale usiku. Chumvi ya bahari inatosha kukipa kutu kabla ya adhana ya alfajiri. Piga praima ya epoksi jioni ile ile.

Hatua ya 5: Vibati vya majaribio

Hapa ndipo nitakapokaa, maana hapa ndipo nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita nilipiga chumba cha injini cha gari la mteja nusu glosi bila kujaribu kwanza. Nilichagua kwa kuangalia kadi ya mifano dukani, mlangoni, juani. Nikapiga saa saba mchana. Ilipokauka, ukuta wa nyuma ulikuwa na mistari, mmoja unang'aa, mmoja umefifia, kama kitambaa kilichopigwa pasi nusu. Pembeni palikuwa na ukungu wa rangi kavu, ukipitisha kiganja unahisi mchanga. Nikafikiri nitapiga polishi. Polishi ikazidi kuharibu, kwa sababu nusu glosi na mati hazipigwi polishi: popote unaposugua panaanza kung'aa, na hapo umepata doa jipya. Nilisugua chumba kizima kwa mkono, msasa wa 400, siku mbili, nikaanza upya.

Sababu yake nimeielewa baadaye. Rangi isiyong'aa haina uchawi. Ni rangi ile ile iliyotiwa chembechembe ndogo sana za silika. Rangi inapokauka chembe hizo huukwaruza uso kwa udogo usioonekana, na mwanga hutawanyika badala ya kurudi sawasawa. Kwa hiyo mng'ao unaoupata hautokani na kopo peke yake. Unatokana na unene wa koti (tabaka la rangi), kasi ya kukauka na mkono wako. Ukipiga nene, uso unabaki na mng'ao. Ukipiga kavu kutoka mbali, unafifia na kuwa na vumbi. Ukipiga koti la pili kabla la kwanza halijapumua, thina inanaswa ndani na pale panatoka kipande kinachong'aa. Sasa fikiria chumba cha injini kilivyo: pembe, mabomba, mapande yaliyoinama, hewa ya spregani (bunduki ya kupulizia rangi) inagonga ukuta na kukurudia usoni. Hakuna mahali pagumu zaidi kwenye gari zima pa kupata unene ulio sawa.

Basi fanya hivi. Kata vibati vitatu kutoka mlango mbovu au boneti ya kutupa, kiasi cha sentimita 20 kwa 30. Karatasi haifai, na bati la paa halifai, kwa sababu chuma chake na praima havilingani na gari lako. Vipige praima ile ile ya gari. Kimoja kipige glosi, cha pili nusu glosi, cha tatu mati, vyote rangi moja, spregani moja, thina moja. Dawa ya kufifisha mng'ao iingie kwenye rangi kabla ya hadina, koroga mpaka chini ya kopo pasibaki kitu, kisha chuja. Andika nyuma ya kila kibati kipimo ulichochanganya. Usiamini kichwa chako, mimi nilikiamini.

Usihukumu siku ile ile. Mng'ao unaendelea kushuka kadiri rangi inavyokauka. Ngoja siku mbili.

Kisha vifunge vibati kwa waya ndani ya chumba chenyewe, mahali rangi itakapokuwa, si juu ya meza. Viangalie asubuhi, adhuhuri na jioni, boneti ikiwa wazi, halafu kwa tochi. Utashangaa. Ndani ya boneti mwanga unaingia kwa pembeni na kivuli ni kingi, kwa hiyo nusu glosi iliyoonekana imekufa dukani inaonekana hai humo, na glosi kamili inaanza kukuonyesha kila mbonyeo na kila mshono wa kulehemu. 504 ina injini iliyolazwa digrii 45, upande mmoja uko wazi kabisa, kuta zinaonekana mpaka chini. Dosari za miaka 50 za fundi wa bodi zote zitasimama kuhesabiwa.

Baada ya wiki moja, rangi ikiwa imekomaa, fanya jaribio la pili. Weka matone matatu ya oili ya injini, matatu ya petroli na matatu ya oili ya breki juu ya kila kibati. Katika kila aina, futa moja baada ya dakika kumi, jingine baada ya saa, la mwisho liache lilale. Kwenye vibati vya mzee ilikuwa hivi: rangi ilivumilia oili ya breki nilipoifuta mapema, ilipolala ikalainika. Hakuna rangi ya kuiamini hapo, kwa hiyo kama sailinda inavuja, tengeneza sailinda kwanza. Petroli haikufanya kitu. Lililoamua ni oili ya injini: kwenye glosi na nusu glosi ilifutika ikaisha, kwenye mati ikaacha kivuli ambacho sabuni haikukitoa chote. Uso wa mati ni mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Uchafu unapata pa kushika.

Mzee alivishika vibati vyote vitatu, akapitisha kidole chenye grisi juu ya kila kimoja, akafuta. Akacheka. Nikamweleza na habari ya Safari: magari ya mbio yalipakwa boneti nyeusi mati kwa juu ili jua lisimpige dereva machoni. Ndani ya boneti hakuna dereva wala jua. "Basi nipe hiki cha kati," akasema, "lakini kiongeze uhai kidogo."

Hatua ya 6: Chagua

Nami nimefika alipofika mzee. Rangi ya bodi, nusu glosi iliyoelemea upande wa glosi. Inafutika, haionyeshi kila kosa, na iko karibu na ilivyokuwa kiwandani. Glosi kamili ichague kama bati lako limenyooka kweli na unalifuta kila wiki. Mati iache kwa mabano madogo na sehemu zilizotoka hivyo kiwandani. Nyeusi kwenye gari ambalo halikutoka na nyeusi siipendekezi kabisa: inaficha uvujaji wa oili, na uvujaji ni kitu unachotaka kukiona mapema. Kwenye rangi ya maziwa tone moja linajitangaza lenyewe.

Hatua ya 7: Piga

Piga asubuhi na mapema au baada ya alasiri, na utumie thina ya kukauka polepole. Spregani ndogo ya tundu la milimita 1.0 au 1.2 inaingia kwenye pembe kuliko ile kubwa. Anza na pembe, chini ya mikunjo na nyuma ya mabomba, malizia na kuta pana, ili ukungu wa pembeni umezwe na koti bichi na usikae juu ya koti lililokauka. Makoti mawili, na kati yake ngoja mpaka la kwanza lipoteze ubichi wote machoni. Ukiona mchirizi, uache. Utausugua kesho na kuipiga paneli nzima tena kutoka mshono hadi mshono, kwa sababu kiraka cha nusu glosi katikati ya ukuta hakifichiki.

Hatua ya 8: Kurudisha vitu

Subiri wiki kabla ya kubana klipu na mabano, la sivyo yatazama kwenye rangi. Na mahali nyaya za arthi zinapofungwa, kwangua rangi na praima mpaka chuma kiwe cheupe, funga boliti, kisha paka grisi juu yake. Gari la mzee lilikataa kuwaka siku ya kwanza, starta inakohoa tu, na sote tukaanza kushuku betri. Ilikuwa rangi yangu nzuri, imekaa katikati ya waya na bodi.