Chumba cha vifaranga cha udongo: usifungie unyevu ukutani

Wafugaji wengi wa Chanika, Pugu na Kigamboni, pembezoni mwa Dar es Salaam, huanza na vifaranga kabla hawajapata pesa ya tofali. Nawaunga mkono wanaokandika kuta kwa udongo na mabua ya mpunga. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, na ukuta mzuri unaokoa mkaa mwingi usiku.

Lakini tuelewane: udongo mtupu hauzuii joto lisitoke. Kinacholizuia ni hewa iliyonaswa ndani ya mabua. Kwa hiyo mabua yawe mengi, udongo uwe uji mzito wa kuyashikanisha tu. Yakilowa, maji hukaa mahali pa hewa, joto likapita ukutani, kisha ukungu ukaota. Vifaranga wakivuta vumbi la ukungu huugua mapafu, na ugonjwa huo hauna dawa ya maana bandani.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni lipu ya saruji. Mtu anaona ukuta unamomonyoka masika, anapiga saruji ndani na nje, anaridhika. Udongo hutanuka na kusinyaa, saruji haiufuati, nyufa zinatokea. Maji yanaingia kwenye ufa na hayapati pa kutokea. Nimewahi kubandua lipu ya namna hiyo: nje palikuwa safi kabisa, ndani mabua meusi yananuka kama jalala. Tumia udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, au chokaa fungu 1 kwa mchanga mafungu 3, uinyunyizie maji siku chache isikaushwe na jua kwa pupa. Lipu hizo huruhusu ukuta kupumua.

Maji ya chini yazuie kwa msingi wa mawe unaopanda nusu mita juu ya ardhi, utandike nailoni nzito juu yake kabla ya kuanza kukandika. Mawe hayo yakibaki wazi utayaona pia mapito ya mchwa mapema. Upenu utokeze sentimita 60 au zaidi, na upande wa kusini na mashariki uongeze, kwa kuwa mvua ya masika huja na upepo wa kusi.

Kandika kuanzia Juni ili vuli ya Oktoba ikute ukuta umekauka. Hewa ya Dar es Salaam ina unyevu, kwa hiyo usihesabu siku. Toboa kwa msumari mrefu, chomoa mabua ya katikati, uyanuse na kuyapinda. Yakivunjika bila harufu, ingiza vifaranga. Yakipindika kama kamba, subiri, hata kama vifaranga umeshawalipia.

Juu ya ukuta acha nafasi ya hewa chini ya paa, maana pumzi na kinyesi cha vifaranga pia ni maji. Vyombo vya kunyweshea viweke katikati ya chumba, mbali na kuta.