Kufuatilia historia ya kijiji cha wakulima wa Kimennonite huko Manitoba

Wengi huanza na vitabu vya kanisa. Anza na ardhi.

Wamennonite, Wakristo wa Kiprotestanti wenye asili ya Ulaya, waliohama Urusi na kufika Manitoba, jimbo la Kanada, kuanzia 1874 walipata mashamba kwa sheria ya Kanada: ekari 160 kwa mwombaji, ada dola 10, hati kwa jina la mtu mmoja. Wao lakini walitaka kuishi kijijini kama walivyozoea. Wakajenga mtaa mmoja mrefu, nyumba huku na huku, kisha wakaunganisha mashamba yao na kuyakata vipande, kila mtu apate udongo mzuri na mbaya. Neubergthal, kilichoanzishwa 1876 karibu na Altona, kilikuwa hivyo. Kijiji kilisimama kwa makubaliano ya majirani tu, kwa hiyo usitegemee kukuta jina lake kwenye hati.

Unachohitaji ni namba ya shamba. NE 14-2-3W, kwa mfano, husomwa hivi: robo (ekari 160) ya kaskazini-mashariki ya seksheni ya 14 (seksheni ni mraba wa maili 1 kwa 1), katika mraba wa pili (maili 6 kwa 6) kuhesabu kutoka mpaka wa Marekani, safu ya 3 magharibi ya meridiani kuu, yaani mstari wa kaskazini-kusini ambao wapimaji walianzia kuhesabu. Angalia sana herufi ya mwisho. Ukiandika E, umerukia upande wa pili wa meridiani, na huenda ukapoteza wiki nzima kwa watu wasiohusika.

Chora robo zote zinazokizunguka kijiji kwenye karatasi ya miraba, andika ndani ya kila moja jina la mwenye hati na mwaka. Sasa tafuta wa kwanza kujitoa. Kisheria robo ni yake, hakuna wa kumzuia. Akihamia shambani kwake, vipande vya majirani vilivyopita humo vinakatika, nao wanabaki na mashamba yenye mapengo. Vijiji vingi vilivunjika kwa njia hii, na mwaka huo mara nyingi una uzito kuliko ule wa kuanzishwa.

Ndipo ufungue vitabu vya kanisa. Wamennonite hawabatizi watoto wachanga, hivyo tarehe ya ubatizo haikupi umri wa mtu. Majina hujirudia mno. Mtambue mtu kwa baba yake na ukoo wa mkewe. Tarehe za Urusi za karne ya 19, zilizofuata kalenda ya zamani, ongezea siku 12: Julai 1, 1874 ya kule ni Julai 13 ya Kanada. Katika mwandiko wa Kijerumani wa zamani, e hufanana na n. Usikisie jina kwa neno moja, linganisha na kurasa za jirani.

Mwisho nenda kwenye nyumba zenyewe, zile ambazo zizi limeunganishwa na makazi. Usikadirie umri wa kijiji kwa mbao: nyumba zilifumuliwa na kuhamishwa. Tafuta alama alizochonga fundi kwenye maungio. Zikiwa hazifuatani, huenda fremu hiyo iliwahi kusimama kwingine.