Probu ya FAM ikifika Dodoma, ifungue hivi

Wanafunzi wa mazoezi wakija maabarani kwetu, cha kwanza huulizia mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mara nyingi ili ionekane. Mashine baadaye, nawaambia, tuanze na kichupa cha probu. Probu huharibikia mezani, kabla hata haijaiona mashine.

Probu ninayosema ni kipande kifupi cha DNA, kwa kawaida herufi 18 hadi 30, kilichotengenezwa kishikane na sehemu ya kinasaba unachotafuta. Kichwani kina rangi inayong'aa, hapa FAM, na mkiani kina kizimio kinachoumeza mwanga wa rangi hiyo. Wakati wa PCR, kimeng'enya cha Taq, kinachojenga DNA mpya, huikata probu iliyoshikana na kinasaba, rangi ikaachana na kizimio, na mashine ikaona mwanga wa kijani wa nanomita 520 hivi. Adui basi ni wawili. Jua huua rangi, usipate mwanga wowote. Jasho la vidole nalo lina vimeng'enya vinavyokata DNA. Probu ikikatwa mapema, inang'aa hata pasipo sampuli.

Kifurushi kikifika na basi la Dar bila barafu, usigombane na kondakta wa watu. Probu kavu huvumilia joto la safari. Wewe funga mapazia, vaa glavu mpya.

Usikimbilie kufungua kifuniko. Kiangazi hewa ya hapa ni kavu kupindukia, na probu kavu ni unga mwepesi: hunata kwenye kifuniko, ukikifungua umepeperuka na pesa yako. Zungusha kichupa kwenye sentrifyuji kwa dakika moja kwanza. Ukikiinamisha utaona utando wa manjano hafifu chini kabisa, au usione kitu, na hilo lisikutie hofu. Tazama lebo, soma nanomoli, yaani kiasi cha probu, zidisha kwa 10: hizo ndizo mikrolita za bafa ya TE, kimiminika kinachoshikilia pH na kuilinda DNA, unazotia. Nanomoli 12, mikrolita 120, na una ukolezi wa mikromola 100. Bafa ya pH 8 inaifaa FAM. Kwa Cy5, rangi nyingine ya probu, shuka hadi 7.5 au chini kidogo, maana pH ikipanda rangi ile haidumu. Acha gizani robo saa, tikisa, zungusha tena.

Sasa igawe kwenye vichupa vidogo, uvifunge kwa foili, uviweke kwenye friza. Kugandisha na kuyeyusha kichupa kimoja kila wiki ni kukichosha, na umeme ukikatika usiku kucha, yote inayeyuka na wewe umelala. Kichupa cha kazi, cha kutumia kila siku, tengeneza kwa mikrolita 10 za probu na 90 za TE. Kila pimo la PCR la mikrolita 20 linahitaji 0.4 tu ya hicho cha kazi, kiasi ambacho ni vigumu kukipima kwa uhakika kwa pipeti, kwa hiyo changanya cha mapimo 25 pamoja: mikrolita 10 kamili.

Kalamu ya wino iache mbali na vifuniko vya mapimo. Mashine nyingi husoma kwa juu, na wino huziba mwanga au hung'aa wenyewe. Andika mpangilio kwenye daftari. Vumbi letu hili jekundu nalo lifute kabla ya kufunga mlango wa mashine.

Ukiishuku probu, usipoteze sampuli. Iweke kwenye vichupa viwili pamoja na bafa ya DNase, kimeng'enya kinachokata DNA; kimoja ukitie DNase, kingine usitie, uviache nyuzi 37 kwa nusu saa, kisha usome mwanga wa FAM. Kilichokatwa kinapaswa kumzidi mwenzake mara kadhaa. Vyote viwili vikiwa juu, probu ilishakatika au kizimio hakikushikizwa vizuri kiwandani. Vyote vikiwa chini, rangi imekufa. Agiza nyingine, na safari hii mwombe muuzaji aigawe kwenye vichupa viwili.