Podikasti ya kujifurahisha: jiwekee akiba ya vipindi kwanza

Kama una kazi ya kutwa na watoto nyumbani, na unatamani kuanzisha podikasti ya uchoraji, ushonaji au chochote unachokipenda, usitangaze siku ya kuanza mpaka uwe na vipindi vitatu au vinne vilivyokamilika. Mtoto akiugua au kazi ikikubana, unatoa kimojawapo na wasikilizaji hawajui kitu. Na usiahidi kila wiki. Mara mbili kwa mwezi inatosha kabisa.

Kinachokula muda hasa si kurekodi, ni kuhariri. Kwa hiyo ipunguze kazi hiyo mapema. Rekodi mbele ya kabati la nguo lililo wazi, maana nguo hunyonya mwangwi. Simu unayorekodia izimie mtandao, iweke umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Ukikosea, piga kofi moja, nyamaza kidogo, kisha rudia sentensi nzima. Ukifungua faili kwenye Audacity, programu ya bure, kila kofi linaonekana kama mwiba mrefu kwenye mawimbi ya sauti. Unakata hapo tu, husikilizi yote upya.

Kabla ya kuongea, acha sekunde 10 za ukimya. Programu huzitumia kutambua mvumo wa feni au friji na kuupunguza.

Halafu mwambie mwenzako saa kamili: "Jumamosi, saa 12 hadi saa 1 asubuhi, niko chumbani narekodi." Ikifika saa 1, toka, hata kama hujamaliza.